Mpaka Kifuani

Mzee Amri alikufa asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya mihogo, na kazi ya kwanza aliyoifanya mkewe baada ya kumfumba macho ilikuwa kuhesabu wanaume.

Sikuzani alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Alikuwapo Mwalimu Mohamedi, aliyesomesha Kurani hapo Chilingula mpaka watoto wa kusomeshwa wakaisha. Alikuwapo Mbaruku, mtani wao, ambaye ukoo wake na ukoo wa marehemu walikuwa wakitaniana na kuzikana tangu enzi za mababu. Tena alikuwapo Saturnini, Mkristo wa ng'ambo ya kijito, kifua chake kibovu, moyo wake mzima. Basi. Na hao watatu, vita vya Maji Maji viliwakuta wameshatoka jandoni.

Usidhani Chilingula ilikuwa hivyo siku zote. Ukitoka Nambilanje kwa miguu asubuhi, zamani ulikuwa unasikia michi ya Chilingula ikitwanga kabla hujaziona nyumba zake. Kisha likaja lori la karanga. Wazungu walikuwa wameanza kung'oa misitu Nachingwea ili wapande karanga nchi nzima, na walitaka mikono. Walichukua mikono myembamba na minene, ilimradi iwe ya vijana. Mzee akijipanga mstarini alivutwa sikio kwa mzaha na kurudishwa nyumbani. Karanga zilipokataa kuota kama walivyoamriwa, vijana hawakurudi. Walipandishwa lori jingine kwenda kwenye mkonge, Tanga, wakavishwa namba shingoni. Wake zao wakawafuata. Ngoma ya unyago ikakaa miaka minne haijapigwa, maana hakukuwa na mwali wa kuchezwa. Kijana kuliko wote Chilingula sasa alikuwa Sikuzani mwenyewe, na Sikuzani alikuwa na miaka hamsini na kitu.

"Ausi apelekewe habari," alisema Fatu, jirani yake, alipofika na kukuta maiti imenyooshwa. Ausi ndiye mtoto pekee wa Sikuzani aliyebaki hai.

"Nani ampelekee? Tanga, Fatu. Hata Ruangwa sina wa kumtuma."

"Basi angojewe."

"Mwezi wa kumi huu. Jua hili unalionaje?"

Fatu alilitazama jua. Mwezi wa kumi mwili haungoji mtu. Kumzika Amri kabla jua halijatua, akiwa msafi na kwa heshima yake: hilo tu ndilo Sikuzani alilokuwa analitaka duniani siku hiyo. Hakutaka karamu wala hakutaka watu wa mbali. Alitaka mumewe asilale juu ya ardhi.

*

Mwalimu Mohamedi alimwosha na kumkafini. Wale wawili wengine walikwenda makaburini na majembe. Sikuzani akaingizwa ndani, akavishwa nguo nyeupe, akaketi mkekani, eda yake imeanza. Mjane haonekani. Atakaa humo miezi minne na siku kumi, na kuta zitakuwa ndiyo dunia yake.

Makaburi hayakuwa mbali. Sauti ya majembe ilifika mpaka ndani, ikija taratibu, ikinyamaza, ikija tena. Udongo wa kiangazi ulikuwa umekauka ukawa kama kigae. Mwantumu, jirani mwingine, alikaa naye, na Fatu alikuwa anakwenda na kurudi, akimletea habari.

"Wamefika wapi?"

"Vifundoni."

Baadaye kidogo: "Sasa?"

"Magotini. Saturnini anakohoa, amekaa chini."

Adhuhuri ikapita. "Sasa, Fatu?"

"Magotini bado."

Huko nyuma kaburi la Chilingula lilichimbwa na vijana ishirini kwa zamu, huku wakicheka na kurushiana maneno, na kina chake kilipimwa kwa mwili wa mchimbaji: magotini, mapajani, kiunoni, mpaka kifuani, hapo ndipo jembe huwekwa. Lakini kifuani kwa nani? Mbaruku alikuwa amefupika kwa uzee kiasi kwamba kanzu yake ya zamani ilikuwa inafagia uwanja. Alasiri ilipokuwa inakaribia, Fatu alirudi akasema wamefika kifuani. Sikuzani akauliza kifuani kwa nani.

"Kwa Mbaruku."

"Haya," alisema Sikuzani. Alijua maana yake, na aliona uchungu, lakini maiti haulizwi sanda, sembuse kina.

Hapo ndipo Mwalimu Mohamedi alipokuja mlangoni. Alisimama nje, ameupa mlango mgongo kama adabu inavyotaka.

"Mama Ausi."

"Labeka, mwalimu."

"Nimekuja kukuomba jambo ambalo kama ningesimuliwa, ningemfukuza msimuliaji." Alikung'uta vumbi la kanzu yake. "Mbaruku na Saturnini wamekwisha. Wamelala pale kivulini kama nguo zilizoanikwa. Jeneza la msikiti ni mti wa mninga, lilichongwa libebwe na wanaume wanane. Tumejaribu kulinyanyua likiwa tupu, halikutoka."

"Ndiyo."

"Kuna kitanda chenu cha kamba. Hicho ni chepesi. Kina miguu minne. Mguu mmoja nitashika mimi, mwingine Fatu, mwingine Mwantumu."

Sikuzani alingoja amalize, lakini mwalimu hakumaliza. Kwa hiyo akamaliza yeye. "Na wa nne mimi."

"Ni dharura," alisema mwalimu. "Mungu anaijua dharura. Nimesomesha miaka thelathini kwamba mwanamke hafuati jeneza. Leo namwomba mjane alibebe."

Sikuzani alisimama, akajifunga kanga kiunoni juu ya zile nguo nyeupe. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Siyo kwa sababu ya watu, kwa maana watu wa kumwona hawakuwapo. Aliona haya mbele ya Amri, kwamba ameoa, amezaa, amelima miaka yote hiyo, na mwisho wake anabebwa na wanawake watatu na mwalimu mwenye macho mabovu, juu ya kitanda alichokuwa analalia.

*

Maiti haitulizwi njiani. Hiyo ni desturi; ikishanyanyuliwa hairudi chini mpaka kaburini. Wao waliituliza mara tano. Mwantumu alikuwa mkubwa kuliko wote na magoti yake yalikuwa yanalia kila hatua. Kila walipotua, Sikuzani aliinama akasema, "Tuwie radhi, baba Ausi," kisha akahema, kisha wakanyanyua.

Walipofika, Saturnini alikuwa amekaa juu ya udongo uliotolewa. Mbaruku hakuonekana.

"Mbaruku yuko wapi?" aliuliza mwalimu.

"Ndani," alisema Saturnini, akaonyesha kaburi.

Wakachungulia. Mbaruku alikuwa amelala kwenye mwanandani, pale kwenye ule mfereji wa chini panapolazwa maiti, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

"Mmechelewa," alisema bila kufumbua macho. "Kaburi hili limenifaa. Udongo wake baridi, halina kunguni. Huyo mchelewaji wenu mpelekeni kwingine."

Fatu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka Chilingula siku hiyo, na ilikuwa halali, kwa sababu ndiyo kazi ya mtani: kuingia kaburini, kugoma, kuwatukana wafiwa mpaka machozi yao yachanganyike na kicheko, na asitoke mpaka apewe chochote. Sikuzani mwenyewe alihisi kifua chake kikilegea kidogo. Alifungua ncha ya kanga, akatoa senti kumi, akamtupia.

"Senti kumi," alisema Mbaruku. "Ukoo mbahili huu. Mnazika mtu mzima kwa bei ya kiberiti."

Mwantumu akamtupia kipande cha tumbaku. Wakacheka tena. Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya mikorosho.

"Basi, mtani," alisema mwalimu. "Umepewa. Toka tumzike mwenzako."

"Sitoki."

"Jua linakwenda, Mbaruku."

"Siwezi kutoka."

"Mguu wa mtani hausikii mpaka usikie shilingi," alisema Fatu, wakacheka sana, hata mwalimu alijifuta macho. Mbaruku alisema mguu umekataa. Wakamwambia na aubembeleze. Alisema nyonga yake imekufa. Wakamwambia imekufa imepata kaburi. Kila alilolisema lilikuwa utani, kwa sababu alikuwa mtani, na mtani aliye kaburini hana neno la kweli. Ndivyo walivyolelewa wote, na Mbaruku naye ndivyo alivyolelewa.

Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Saturnini."

Saturnini akainuka, akaja ukingoni.

"Wewe siyo mtani wangu," alisema Mbaruku. "Wewe Mkristo, mtu wa ng'ambo, mimi na wewe hatuna utani hata chembe. Kwa hiyo nakuambia wewe. Nililala hapa kupumzika, nikaona nifanye na desturi. Sasa siwezi kunyanyuka. Nyonga imeteguka. Waambie."

Saturnini akageuka, akawaambia. "Anasema kweli."

Hapana aliyecheka tena. Mwalimu alipiga magoti akanyoosha mkono, akataka kutumbukia yeye mwenyewe, wakamshika kanzu. Saturnini alijaribu, kikohozi kikamkalisha chini. Ndipo wote wakamtazama Sikuzani, bila kumwambia kitu, kama watu wanavyomtazama kijana mwenye nguvu kazi inapokuwa nzito.

Akashuka. Mjane wa asubuhi ile alishuka kwenye kaburi la mumewe akamkuta mwanamume mwingine analia humo kimya kimya, machozi yanaingia masikioni. "Nimeona haya tu kusema," alimnong'oneza. Sikuzani alimwingiza mikono kwapani, akamkalisha, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akainama akamwambia akanyage begani. Mbaruku alikuwa mwepesi, mwepesi kama kikapu, na wepesi ule ulimuumiza Sikuzani kuliko uzito. Wenzake wakamvuta kwa juu. Wakamlaza kwenye udongo karibu na Amri, mmoja ana sanda, mwingine hana, na huo ndio uliokuwa utofauti wao.

Sikuzani akanyoosha mkono atolewe. Mwalimu hakuushika.

"Kaa humo humo, mama Ausi," alisema. "Anahitajika mtu wa kumpokea."

Na akampokea. Walimteremsha kwa kanga mbili, naye akampokea kichwa, akamlaza ubavu, akamwelekeza kibla kama mwalimu alivyokuwa anamwelekeza kutoka juu. Kaburi lilikuwa fupi. Aliposimama, ukingo ulimfika tumboni. Alimtengeneza mumewe vizuri. Alimwambia maneno ambayo hata Fatu, aliyekuwa karibu, hakuyasikia. Kisha wakamtoa kwa kamba za kitanda.

Walipomaliza kufukia, na walifukia kwa viganja na mabakuli kwa sababu majembe yalikuwa yamewashinda, Mbaruku alikuwa bado amelala pale pale.

"Mtani," alimwita Sikuzani. "Mimi atanichimbia nani?"

Mtani akisema, hujibiwa. Sikuzani alitafuta jibu la kuchekesha, akalikosa.

*

Mvua za mwezi wa kumi na mbili ziliponyesha, Sikuzani alisikia fimbo ikigonga uwanjani, kisha sauti nje ya ukuta.

"Udongo umelainika, mtani. Tunachimba."

"La nani?" Aliinuka mkekani. "Nani amekufa?"

"Bado. Langu kwanza. Nakaa kitako nachimba kwa jembe la mkono, mwalimu anatoa udongo kwa bakuli. Nikimaliza langu tutaanza la mwalimu."

"Kaburi la wazi huita mtu, Mbaruku. Hukufundishwa?"

"Liite. Nitaitika. Heri niitwe mahali pana nafasi."

Mwalimu alikuwa amekataa siku mbili. Siku ya tatu alikuja kuuliza kama lake linaweza kuwa upande wa mkorosho. Walichimba hivyo, vidole viwili leo, vidole viwili kesho, na kila lililokwisha walilifunika kwa fito na nyasi ili mbuzi wasitumbukie. Mbaruku akaitika mwezi wa kwanza, wiki moja baada ya kulimaliza. Wakamvuta juu ya ngozi ya ng'ombe, wakamteremsha. Hakukuwa na mtani wa kuingia kugoma. Ukoo wa Amri, watani wake, ulikuwa umekwisha, au uko Tanga, na hayo ni mamoja. La mwalimu walilimalizia Fatu na Mwantumu.

Eda ya Sikuzani ilipokwisha, hakwenda kutembea wala kununua kanga mpya. Alichukua jembe, akaenda na Fatu upande wa kushoto wa Amri. Walipofika kiunoni kwake mvua zikakatika, udongo ukafunga. Wakaliacha hapo.

*

Ausi alikuja mwezi wa sita, kwa lori mpaka Ruangwa, kutoka hapo kwa miguu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Sikuzani alimtazama akiingia uwanjani na mabega yale, akasahau hata kulia. Alitamani kuyagusa tu, kama mtu anavyogusa ng'ombe mzuri mnadani. Alikuwa ameleta blanketi, sukari, na kanga. Barua ya msiba, iliyoandikwa na karani wa Nambilanje, ilimkuta baada ya miezi mitano.

Baada ya kula alitaka kuliona kaburi la baba yake. Aliomba dua, akafuta uso, akatazama huku na huku, akahesabu.

"Wamekufa wangapi huku, mama?"

"Baba yako na Mbaruku."

"Na haya yaliyofunikwa nyasi?"

"Hayo ni yetu."

Ausi hakuelewa, kisha akaelewa. Alikwenda kwenye la kwanza, akanyanyua fito, akachungulia. "Nani aliwachimbia?"

"Tumejichimbia. Mikono ilikuwa bado ipo."

Alikaa juu ya kichuguu, akatoa mfuko wa pesa uliokuwa umefungwa kwa uzi. "Nitakuachia hizi zote. Siku ikifika, Mungu aiweke mbali, mtaajiri watu."

"Watu gani, mwanangu?"

Aliutazama ule mfuko kama aliyeuziwa kitu kibovu. "Basi twende wote Tanga."

"Unakaa wapi huko?"

"Kambini."

"Na nani?"

"Tuko sita chumba kimoja," alisema taratibu, na mwaliko ukafia hapo hapo.

"Rudi basi wewe," alisema Sikuzani. Alikuwa ameapa kwamba hatalisema neno hilo. Lilitoka lenyewe. "Shamba la baba yako liko. Mikorosho inazaa, korosho zinaanguka chini, tunaokota tunazoziweza."

"Nimetia dole gumba kwenye mkataba mpya, mama. Kadi yangu ya kipande isipojaa siku za kazi, wananikata, na nikitoroka nashtakiwa. Na kodi je? Nikae hapa nimlipe nani kodi kwa mihogo?"

Hakuwa mtoto mbaya. Yanaposimuliwa mambo haya, wengi hutaka kijana awe mwovu ili wapate wa kumlaani.

"Kuchimba siyo shida, umeona," alisema Sikuzani polepole. "Kufukia ndiko kunakotushinda. Mwalimu haoni tena. Saturnini hatoki kitandani. Mimi na Fatu na Mwantumu, tutafukiana mpaka abaki mmoja. Huyo mmoja ndiye ninayemfikiria. Maana mtu hajifukii, mwanangu."

Ausi aliufunga upya uzi wa mfuko, mama yake akimtazama.

"Lori linaondoka lini Ruangwa?"

"Keshokutwa."

"Haya."

Walikaa. Kisha Ausi akauliza la mama yake ni lipi. Akamwonyesha, lile la kushoto kwa baba yake. Akaondoa fito, akaingia, akasimama. Ukingo ulimfika mapajani.

"Fupi," alisema. "Fisi atakufukua."

"Udongo ulifunga."

Akaomba jembe. Akavua shati, akalikunja, akampa mama yake alishike. Sikuzani akaketi ukingoni, shati mapajani, lina jasho la mwanawe na moshi wa lori. Jembe la kwanza lilipoingia, udongo ule uliowashinda yeye na Fatu siku nne ulipasuka kama muhogo mkavu. Miaka minne hakuwa ameusikia mlio huo Chilingula, mlio wa jembe linalojua kazi, bila kunyamaza, bila kukohoa. Fatu aliusikia kwake akatoka, akasimama mbali na kutazama. Mgongo wa Ausi ulikuwa unapanda na kushuka, unang'aa, na Sikuzani, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.

Kazi ile ingewachukua wao mwezi. Ausi hakuchukua hata muda wa kuiva kwa ugali.

"Imefika kiunoni, mama. Inatosha?"

"Ongeza kidogo."

Akaongeza. Udongo ulikuwa unaruka juu, mwekundu, mbichi, unamwangukia Sikuzani miguuni.

"Tumboni hapa. Inatosha?"

"Bado."

"Kina cha kaburi ni kifuani kwa mchimbaji. Baba alinifundisha."

"Kifuani kwako, basi," alisema Sikuzani. "Siyo kwangu."

Alifika kifuani. Alisimama, akaegemeza jembe, akafuta jasho, akainua uso kumtazama mama yake kutoka kule chini. Jua lilikuwa bado liko juu. Lori lilikuwa keshokutwa.

"Sasa imetosha, mama?"

Sikuzani alilikunja lile shati tena, vizuri zaidi, akaliweka mapajani.

"Bado, baba," alisema. "Ongeza kidogo."